Mtoto Mchanga Anapolia Tangu Alasiri Hadi Usiku

Mwanamke anayekaribia kujifungua kwa mara ya kwanza huambiwa mengi kuhusu uchungu, kitovu, uji wa pilipili manga na chanjo, lakini ni wachache wanaomwambia kwamba kuanzia wiki ya 2 hivi mtoto wake, aliyekuwa akilala karibu mchana kutwa tangu azaliwe, anaweza kuanza kulia kila jua linapoelekea kuzama, akalia ilhali ameshiba, ni mkavu na wala haumwi. Kilio hicho huzidi siku hadi siku mpaka kifike kilele chake karibu na wiki ya 6, kisha hupungua taratibu, na mtoto anapotimiza miezi 3 au 4 huwa kimekwisha au kimebaki kidogo sana. Katika kilele hicho watoto wengi wenye afya njema hulia jumla ya saa 2 au zaidi kwa siku, na sehemu kubwa ya saa hizo huangukia kati ya alasiri na usiku. Nimelea watoto watatu, wa kwanza nikiwa Tanga kwa mama yangu, kwa kuwa kwetu uzazi wa kwanza hurudishwa nyumbani, na wawili waliofuata nikiwa Dar es Salaam kwa mume wangu. Kama ningeruhusiwa kumnong'oneza kila mzazi jambo moja kabla hajatoka wodini, ningempa ratiba hiyo ya wiki, kwa sababu mtu anayejua kwamba kilio kina mwanzo, kilele na mwisho huweza kukivumilia kwa moyo uliotulia zaidi.

Kule Tanga tulikuwa na bibi yangu mzaa mama, mwanamke aliyekuwa ameshika watoto wachanga wa nyumba nyingi za mtaani kwetu. Mwanangu wa kwanza, wa kiume, bibi alimwita "mume wangu" kama ilivyo desturi ya mabibi wa pwani, na kilio kilipoanza hakuna aliyemwona akikimbia wala akipaza sauti. Alisema, "Mume wangu ana jambo lake, tumsikilize kwanza," kisha akampokea, akampakata na kuanza kumkagua kwa utaratibu ambao sikuona akiuruka hata mara moja.

Alianza na nguo. Mkoa wetu una joto, na mwezi wa Februari hewa ya Tanga ni nzito hata usiku, lakini mtoto mchanga huko hufunikwa kofia ya sufu, soksi, sweta na blanketi juu yake, kwa hofu ya baridi ambayo mtu mzima aliye chumba hichohicho haioni. Bibi aliingiza vidole viwili nyuma ya shingo ya mtoto. Akikuta jasho alivua kofia na soksi na kumwacha na fulana tu, akamfunika kwa khanga moja nyepesi. Mara kadhaa kilio kiliishia hapohapo. Baadaye muuguzi wa kliniki alinieleza kwamba kuhukumu joto la mtoto kwa kumshika viganja na nyayo hupotosha, kwa sababu viungo hivyo huwa baridi hata mwili ukiwa na joto la kutosha, na kwamba mahali pa kupima ni shingoni au kifuani. Bibi alilijua hilo kwa mikono yake.

Baada ya nguo alikagua nepi, kisha mikunjo ya mapaja na kwapa ambako ngozi huchubuka, kisha akafungua ngumi na kuhesabu vidole vya mikono na vya miguu kimoja baada ya kingine. Nilidhani anacheza naye, mpaka aliponieleza kwamba unywele mmoja wa mama au uzi uliochomoka ndani ya soksi unaweza kujiviringisha kwenye kidole cha mtoto na kukikaba mpaka kivimbe, na mtoto atalia usiku kucha bila mtu kujua chanzo. Jambo hilo ni la kweli na madaktari wanalijua vizuri. Kwa vile nywele za mzazi hupukutika sana katika miezi inayofuata kujifungua, nawasihi akina mama wote wakague vidole hivyo kila wanapombadilisha mtoto. Uangalizi huohuo unauhusu ule uzi mweusi na kile kitambaa cha mvuje ambacho wazee wa pwani humfunga mtoto mkononi kwa ajili ya kijicho. Sikugombana na mtu kuhusu mvuje, ila nilihakikisha kwamba kidole changu kinapita kwa urahisi kati ya uzi na ngozi.

Ukaguzi ukimalizika bila kuonekana kitu, alinirudishia mtoto nimpe ziwa. Hapa pana jambo linalohitaji maelezo marefu, kwa sababu nimeona kilio cha jioni kikiwaondoa akina mama wengi kwenye kunyonyesha kuliko sababu nyingine yoyote niijuayo. Mtoto analia, mtu mmoja kati ya waliojaa sebuleni anasema, "Huyo hashibi, maziwa yako mepesi," na kesho yake kopo la maziwa ya unga limenunuliwa. Lakini watoto wengi hutaka kunyonya mfululizo wakati wa jioni, sasa ziwa hili na baada ya nusu saa lile, na matiti yanayohisi malegevu saa hizo bado yanatengeneza maziwa kadiri mtoto anavyonyonya. Mtoto mchanga hunyonya kati ya mara 8 na 12 kwa siku nzima ya mchana na usiku, na njaa yake huonekana mapema kabla ya kilio: hulambalamba midomo, hugeuza kichwa akitafuta, hupeleka ngumi kinywani. Akishafikia kulia kwa nguvu amechelewa kusikilizwa, na mara nyingi itabidi atulizwe kifuani kwanza ndipo aweze kulishika ziwa vizuri.

Muuguzi aliyenihudumia alinifundisha kupima kushiba kwa vitu viwili visivyotegemea kilio. Cha kwanza ni mkojo: baada ya siku ya 5 mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku. Cha pili ni mzani wa kliniki: mtoto hupungua uzito kidogo siku za mwanzo, kisha kwa kawaida huwa ameurudisha uzito wake wa kuzaliwa anapotimiza wiki 2 hivi, na baada ya hapo mstari kwenye kadi yake hupanda. Nilipokuwa na kadi iliyoonyesha mstari unaopanda, niliweza kumjibu shangazi yangu kwa adabu na kwa uhakika, nikamwonyesha mstari huo kwa kidole, naye akaacha kutaja kopo.

Kucheulisha nitakutaja kwa ufupi. Baada ya kunyonya, mweke mtoto wima begani mwako au mkalishe mapajani ukimshikilia kidevu, umpapase mgongo polepole mpaka acheue. Asipocheua baada ya dakika chache, acha. Hakuna haja ya kumpigapiga.

Basi mtoto amekaguliwa, amenyonya, amecheua, na bado analia. Wazazi wengi hapo huingiwa na hofu, na ni hapo ambapo bibi alinifundisha lile ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Alijifunga khanga, akamweka mjukuu wake kifuani, ngozi kwa ngozi, kichwa kikiwa chini kidogo ya kidevu chake, akaanza kutembea. Alitoka chumbani, akapita ukumbini, akazunguka uani penye mwarobaini, akarudi, kwa mwendo uleule, bila kusimama kila mtoto alipobadilisha sauti na bila kumgeuzageuza kila dakika kutafuta mkao mpya. Alikuwa akiguna kwa sauti nene isiyo na maneno, ambayo mtoto aliisikia kupitia kifua chake pengine kuliko alivyoisikia kwa masikio. Mtoto alipotulia, bibi hakuharakisha kumlaza. Alikaa kwenye mkeka akiwa bado amempakata, akazungumza na mama habari za samaki na za bei ya nazi, na muda ulipopita ndipo alipomshusha, akitanguliza makalio na kumalizia kichwa, huku mkono wake ukibaki kifuani kwa mtoto.

Miaka mingi baadaye nilisoma matokeo ya watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani, yaliyotolewa mwaka 2022, nao wanapendekeza karibu jambo hilohilo: mtoto anayelia abebwe kwa kutembea dakika 5, na akishasinzia mbebaji akae naye dakika 5 hadi 8 zaidi kabla ya kumlaza, kwa sababu akilazwa mapema mno hushtuka wakati ule mwili wake unapoachana na mwili wa aliyembeba. Nilifurahi kwa ajili ya bibi, ambaye hakuwa hai tena kuyasikia hayo.

Wapo watakaosema kwamba mtoto akibebwa hivyo atazoea mikono. Maneno hayo niliyasikia Dar es Salaam zaidi kuliko Tanga, na huniuma kila niyasikiapo, kwa sababu humfanya mama amwache mtoto wa wiki chache alie peke yake akidhani anamfundisha kujitegemea. Mwaka 1986 watafiti Hunziker na Barr walichapisha jaribio walilolifanya Montreal, Kanada, ambamo kundi moja la wazazi liliombwa kuwabeba watoto wao muda mrefu zaidi kila siku, hata wakati ambapo hawalii. Walipofikia wiki ya 6, watoto hao walilia kwa asilimia 43 pungufu kuliko wenzao, na saa za jioni pungufu hiyo ilizidi nusu. Maneno "hata wakati ambapo hawalii" ndiyo ninayowasomea jamaa zangu mara mbili. Barr na wenzake walichunguza pia Wasan, watu wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, ambao watoto wao hubebwa karibu muda wote na hunyonyeshwa kila wanapotaka, wakaona kwamba hata huko watoto huanza kulia mara nyingi kama wa kwingineko na huwa na kilele kilekile cha wiki za mwanzo, ila kila kilio hudumu kwa muda mfupi zaidi, karibu nusu. Kubeba basi hakufuti kilio, hukifupisha, na mzazi anayetarajia kukifuta atavunjika moyo bure.

Nikirudi kwa bibi, hakuruhusu mtoto yeyote afungwe mbeleko mgongoni kabla shingo haijakaza. Wiki hizo za mwanzo tulimbeba kifuani, uso ukionekana na pua ikiwa wazi, kidevu kisibanwe kifuani, na miguu ikiwa imekunjwa na kutanuka kama ya chura badala ya kunyooshwa na kukazwa kwa kitambaa, jambo ambalo linaweza kuharibu nyonga.

Niliyakubali yote yaliyotoka mikononi mwake. Yaliyotoka kwenye vikombe sikuyakubali, na hilo lilihitaji busara kwa sababu sikutaka kumvunjia heshima. Alasiri moja alileta maji ya shibiti yaliyochemshwa na kupozwa, na kijiko kidogo. Nikamwambia, "Bibi yangu, pale kliniki wameniomba mtoto asipewe chochote ila ziwa mpaka atimize miezi sita, hata maji. Nisaidie nilitimize hilo." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama yako alikunywa shibiti, na wewe umekunywa shibiti." Nikamjibu kwamba ni kweli, na kwamba ninamshukuru kwa malezi yale, lakini mtoto huyu nimemwahidi. Akanisogezea kikombe. "Basi kunywa wewe, mume wangu aipate kwenye maziwa." Nilikunywa, na tangu siku hiyo shibiti ilikuja kwangu kila jioni, wala haikuletwa tena kwa mtoto.

Nalisisitiza hili kwa sababu kilio cha jioni ndicho mlango ambao vitu vingi hupenyezwa kinywani mwa mtoto mchanga. Asali isilambishwe kabla ya mwaka 1 hata kidogo, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta sumu ya kupoozesha misuli ya mtoto mdogo. Ile dawa ya maji ya tumbo iitwayo "gripe water", iliyoanzia Uingereza mwaka 1851 na kuenea mpaka kwenye maduka yetu ilikuwa hapo zamani na pombe na sukari ndani yake pamoja na mafuta ya shibiti, na sishangai kwamba watoto wa enzi hizo walinyamaza. Zilizopo sasa hazina pombe, lakini bado sioni sababu ya kumpa mtoto wa wiki 3 kitu kisicho maziwa kwa ajili ya kilio ambacho kitaisha chenyewe. Kukata kimeo kwa mtoto anayelialia ni hatari kubwa zaidi, kwani huweza kumwaga damu nyingi na kuingiza maambukizi, na mzee anayekupendekezea hilo mwambie hapana bila kuzunguka.

Mtoto wangu wa pili, wa kike, ndiye aliyelia kuliko wote, na safari hii tulikuwa katika vyumba viwili vya kupanga, bila bibi na bila ua. Tulijaribu yote niliyokuwa nayo. Pangaboi lilisaidia, kwa sababu mvumo wake usiobadilika hufanana na kelele ambazo mtoto amezizoea tumboni; kuzima taa na kufunga redio kulisaidia zaidi, hasa siku ambazo wageni walikuwa wamempokezana mchana kutwa. Zilikuwapo jioni ambazo hakuna kilichosaidia. Mume wangu nami tuliwekeana zamu: akirudi kazini alioga, akala, akampokea mtoto kifuani na kutembea naye kibarazani, nami nililala hata kama sikuwa na usingizi. Naamini ngozi ya baba hutuliza sawa na ya mama, na kwa mtoto aliyekwisha kushiba pengine hutuliza zaidi, kwa sababu haina harufu ya maziwa inayomfanya atafute.

Usiku mmoja mume wangu akiwa safarini, nikiwa nimetembea mpaka miguu imekufa ganzi, nilihisi mikono yangu ikikaza na hasira ikipanda kooni. Nilikumbuka maelekezo ya kliniki. Nilimlaza binti yangu chali kitandani mwake, nikahakikisha hakuna mto wala nguo karibu na uso wake, nikashusha chandarua, nikafunga mlango, nikakaa nje kwa dakika chache nikinywa maji na kupumua, kisha nikampigia simu wifi yangu. Mtoto aliye chali mahali salama hadhuriki kwa kulia dakika hizo. Anayetikiswa kwa nguvu anaweza kuumia ndani ya sekunde chache, kwa sababu kichwa chake ni kizito na shingo yake ni dhaifu, na ubongo hugonga ndani ya fuvu na mishipa ya damu hukatika. Matokeo yake ni upofu, ulemavu au kifo. Natamani maneno hayo yasemwe wazi kwa kila mzazi, baba, na msichana wa kazi, bila kumwonea aibu mtu kwa hasira aliyoihisi. Na mama ambaye huzuni yake haiondoki hata mtoto anapolala, ambaye hana hamu ya kula wala ya kumshika mwanawe, hiyo yaweza kuwa sonona ya baada ya uzazi, nayo inatibika, aseme kliniki.

Mtoto wa tatu alinifundisha upande mwingine. Alikuwa na wiki chache, na kilio chake cha jioni nilikuwa nimekwisha kukizoea: kikali, chekundu, chenye mateke na ngumi. Siku hiyo asubuhi alilia kwa sauti nyembamba ya kukatikakatika, kama paka aliyefungiwa mbali. Ziwa alilishika akaliacha. Nilipombeba hakujikunja mwilini mwangu kama kawaida yake, alilegea. Mama mkwe, aliyekuwa ametutembelea, alimtazama mara moja akasema, "Mwanangu, hiki si kilio cha kubembeleza. Twende." Tulikwenda. Ilikuwa maambukizi kwenye damu. Alilazwa, akachomwa sindano za antibayotiki kwa siku kadhaa, akapona. Daktari alisema tulifika mapema.

Dalili za hatari tulizofundishwa huko nimezibandika kwenye mlango wa kabati, na ndugu wote wanaojifungua huzinakili: mtoto hanyonyi au ameacha kunyonya vizuri, joto la kwapani ni nyuzi 37.5 au zaidi, au liko chini ya 35.5, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, anashtukashtuka kama degedege, hasogei mpaka aguswe, utosi umevimba, anatapika kijani, kitovu kimekuwa chekundu au kinatoa usaha, ngozi imegeuka manjano mpaka viganjani na nyayoni. Mtoto mwenye mojawapo ya hizo habembelezwi nyumbani, hapakwi kitu, wala hasubirishwi mpaka asubuhi.

Wifi yangu yuleyule niliyempigia simu amejifungua mwaka huu. Ninakwenda kwake mara kwa mara, na huwa nachagua kufika alasiri, kabla kilio hakijaanza, kwa sababu wageni wengi huja asubuhi kumwona mtoto akiwa amelala na kuondoka wakati ambapo mzazi anahitaji mtu. Nikifika namsalimu, nanawa mikono kwa sabuni, namchukua mtoto kifuani na kuanza kutembea naye kabla hajalia, na mama yake namwambia akaoge, ale, ajinyooshe. Mumewe akirudi namkabidhi mtoto, namwonyesha namna ya kumshika shingo na namna ya kukaa naye kwanza kabla ya kumlaza. Wiki iliyopita nilipofika nilimkuta ameshavua shati, yuko ukumbini anatembea naye mwenyewe, nikaenda jikoni kuosha vyombo.